Honda CX500 Turbo: unaiita sasa, inaitika baadaye

Niseme mapema kwamba sikuinunua kwa akili. Mimi ni fundi wa mabasi, mzaliwa wa Tanga, nimekulia uvunguni mwa magari, na mluzi wa tabo kwangu ni sauti ya utotoni: Scania la abiria linatoka Segera, dereva kakanyaga, kifilimbi kinaanza chini kabisa kisha kinapanda taratibu mpaka masikio yanawasha. Kwa hiyo niliposikia hapa Leeds, Uingereza, kuna mzee anauza pikipiki ya 1982 yenye tabo, nilikwenda kuisikiliza zaidi kuliko kuiangalia. Ilipopiga mluzi nikatoa pauni 4,200. Mke wangu hadi leo anajua ni pungufu kidogo ya hapo.

Kwa ambaye hajawahi kufungua tabo: ni feni mbili kwenye ekseli moja. Moshi wa ekzosi unaizungusha ya kwanza, ya pili inashindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, na petroli inaongezwa, na nguvu inazidi. Moshi ambao ungetoka ukapotea bure unafanyishwa kazi. Kwenye basi feni hizo ni kubwa. Kwenye Honda hii zilitengenezwa na kampuni ya IHI ya Japani, zina kipenyo cha sentimita 5 hivi, na zinakimbia zaidi ya mizunguko 150,000 kwa dakika. Nimeishika mkononi tabo yenyewe. Unaweza kudhani ni kifuniko cha birika.

Injini ni ya cc 497, silinda mbili zilizopanuka kama herufi V, inapoozwa kwa maji. CX500 ya kawaida ilikuwa na nguvu za farasi 50 hivi, hii ina 82. Badala ya kabureta waliipa sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, kwa pikipiki ya miaka ile jambo kubwa sana. Kawasaki ya Z1R-TC ilitangulia mwaka 1978, lakini ile tabo ilifungwa Marekani juu ya pikipiki iliyokwisha kutengenezwa. Hii Honda ilizaliwa nayo.

Sasa tuje kwenye raha yake, ambayo ndiyo taabu yake pia.

Ukiondoka kwenye taa pikipiki hii ni nzito na mvivu. Uzito wake unakaribia kilo 240 hata kabla hujajaza tanki. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawakwambii: ili hewa ya kushindiliwa isije ikaitoboa pistoni, Honda walipunguza mbano wa injini. CX500 ya kawaida inabana hewa mara 10, hii mara 7.2 tu. Maana yake, tabo ikiwa bado imelala, unaendesha injini dhaifu kuliko ya ndugu yake asiye na tabo, na umebebeshwa mzigo zaidi. Nimewahi kuachwa kwenye taa na kijana anayepeleka piza kwa skuta. Nilimwona akinitazama kwenye kioo, naapa alikuwa anacheka.

Unafungua mafuta. Kimya. Unasubiri. Mshale wa mizunguko unavuka 4,000, bado ni injini ya mzee wa heshima. Karibu na 5,000 unaanza kusikia ule mluzi, mbali, kama mtu anaita kutoka bondeni. Halafu inakuja yote kwa mkupuo. Mikono inanyooka, kifua kinarudi nyuma, na barabara iliyokuwa ndefu inakuwa fupi. Siyo kwamba ina kasi ya kutisha kwa vipimo vya leo. Kinachokushika ni kwamba kabla ya hapo palikuwa hapana kitu. Pikipiki ya cc 1000 ya kisasa inakupa nguvu kila unapoomba, na baada ya wiki unazoea. Hii sijaizoea, na huu ni mwaka wa pili.

Mke wangu alipanda nyuma mara moja. Tabo ilipoamka, kofia yake ikagonga yangu ko! Tabo ilipolala, ikagonga tena. Alishuka akaniambia heri daladala, angalau mle unajua nani anakugonga.

Kwenye basi ule ucheleweshaji haumsumbui mtu. Tani 16 hazina haraka. Pikipiki ni kitu kingine, maana kwenye kona mkono wa mafuta unasaidia kushika njia. Mwezi wa kwanza nilichukua barabara ya B6255 inayotoka Ingleton kwenda Hawes, inapita karibu na lile daraja refu la reli la Ribblehead. Ni barabara nzuri mno, mawe kushoto, kondoo kulia, kona zinafuatana. Lami ilikuwa na unyevu. Katikati ya kona nikafungua mafuta kidogo, sikupata kitu. Nikafungua zaidi. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu tabo ilikuwa inapokea maombi yote mawili na kuyaweka pamoja. Nilipokuwa nanyoosha, ikanilipa deni lote. Gurudumu la nyuma likateleza, pikipiki ikahamia mpaka upande wa wanaokuja. Bahati hakukuwa na anayekuja. Nilisimama pembeni nikazima kimya, kondoo mmoja akinitafuna kwa macho.

Tangu siku ile nimejifunza kuitumia kama unavyomtuma mtoto dukani: umtume chumvi kabla sufuria haijachemka. Unashuka gia mapema, unashikilia mizunguko juu ya 5,000, unaanza kufungua kabla hujaona mwisho wa kona, na unaomba Mungu kusiwe na trekta mbele. Ukiipatia, unatoka kwenye kona kama jiwe la manati. Ukiikosa, uko kwenye nyasi. Barabara zile mwisho wake kisheria ni maili 60 kwa saa, nayo tabo kwenye gia ya tatu ikishachangamka, tayari umeshafika hapo.

Ya safari ndefu nitayasifu haraka. Kioo na mabodi ya mbele yanakata upepo wa huku vizuri ajabu, na badala ya cheni kuna shafti, kwa hiyo hakuna kupaka grisi kila wiki. Kutoka Leeds kwa A65 mpaka Kirkby Lonsdale nafika sina hata maumivu ya kiuno. Hapo kwenye daraja la kale wanaloliita Devil's Bridge ndipo wenye pikipiki hukutana Jumapili. Wao wanakula mikate yao yenye nyama isiyonihusu, mimi nakunywa chai, na kila mara kuna mzee mmoja anayekuja kuizunguka Honda yangu akisema alitamani moja wakati huo, mkewe akakataa.

Pale pale ndipo mwenzangu mmoja alinipa Kawasaki GPz750 Turbo yake nizunguke nayo. Nguvu 112, na tabo wameiweka mbele karibu kabisa na mdomo wa ekzosi, hivyo moshi unaifikia ukiwa bado na hasira. Inaitika mapema kuliko yangu, tena sana. Kama unataka tabo ya kuendesha, ni ile. Kama unataka tabo ya kuihisi, ni hii yangu. Niliporudisha funguo sikuwa na wivu, ila nilikuwa na wivu kidogo.

Nadhani hivi ndivyo ndoto yote ya pikipiki za tabo ilivyokufa. Honda wenyewe walikuwa wanauza CB900F ya nguvu 95 isiyo na tabo wala kompyuta. Mwaka 1983 wakaleta CX650 Turbo yenye nguvu 100, Yamaha na Suzuki nao walikuwa sokoni na za kwao. Halafu mwaka 1984 Kawasaki wakatoa GPz900R, nguvu 115, hewa ya kawaida tu aliyoiumba Mungu. Nani tena atanunua feni?

Ufundi sasa. Ukitoka kuikimbiza, usiizime papo hapo. Oili iliyo kwenye beringi ya tabo ikisimama ghafla juu ya chuma cha moto inaungua na kuwa masizi, na beringi inakufa. Mimi naiacha inguruma dakika mbili tatu, jirani yangu anachungulia dirishani. Oili nabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema. Vihisi vya kompyuta ya miaka ile ni vya kutafuta kwa tochi, na waya ni msitu.

Na kuna koili ya kuchajia betri. Iko nyuma ya injini, na kuifikia lazima injini yote ishuke. Yangu iliungua kwa uzembe wangu: niliona konekta imebadilika rangi, nikasema nitaishughulikia kesho. Kesho ilichukua wikiendi mbili na mgongo wangu. Kama wewe si fundi, wala rafiki wa fundi mwenye subira, achana nayo. Nafuu pekee ni kwamba hapa Uingereza chombo kikishapita miaka 40 kinaweza kusamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka.

Je, nakushauri ununue? Kama ni pikipiki yako ya pekee, hapana. Kama unayo nyingine ya kwendea kazini na una Jumapili kavu chache za kuchezea, ndiyo, na ujifunze kwanza kwenye barabara iliyonyooka.

Mpwa wangu aliyeko Tanga, anayeendesha bodaboda, nilimtumia video ya mluzi. Akanijibu kwa sauti: "Mjomba, tufungie na sisi kwenye Boxer." Nikamweleza kwa utulivu. Boxer ni silinda moja, inatoa pumzi mara moja kila mizunguko miwili, feni itapata pumzi ya kukohoa. Inapoozwa kwa upepo, oili yake ni lita moja na kidogo, pistoni itatoboka kabla hujafika Pongwe na abiria wako. Akanyamaza siku nzima. Jioni akaandika: "Basi mjomba, nifungie hata mluzi tu."