Miezi 14 kwenye benchi la kupanga Keko

Nimepanga benchi la kufanyia kazi kwenye karakana ya pamoja ya useremala hapa Keko, Dar es Salaam, huu mwezi wa 14. Mafundi wenzangu wananiuliza kama inalipa. Inalipa, ila kuna mambo ningependa ningeambiwa mapema.

Zamani nilifanyia kazi kibarazani nyumbani, kwa randa ya mkono na msumeno. Mbao ikihitaji kunyooshwa nakodi guta, naipeleka kwa wenye mashine, napanga foleni, nalipa, narudi nayo. Kitanda kimoja kinakula siku nzima barabarani.

Sasa nalipa shilingi 130,000 kwa mwezi. Napata benchi lenye jiriwa ya kubania mbao, mahali pa kusimamishia mbao, mlinzi wa usiku, pamoja na mashine ya kupasulia na ya kurandia. Umeme ni wa njia tatu, kwa hiyo hata mbao ngumu ya mkongo inapita bila mota kukoroma. Sikudaiwa kilemba, yaani pesa ya kuachiwa nafasi, wala kodi ya miezi sita kwa mkupuo kama wanavyotaka wenye fremu za maduka, na bila hivyo nisingeweza kuingia.

Shida ya kwanza ilikuwa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tuko mafundi sita, na tulikuwa tunachanga sawasawa. Lakini yupo anayetengeneza fremu za sofa, mashine anaigusa mara mbili kwa siku, na yupo anayeranda meza za kulia chakula tangu asubuhi. Uniti zikiisha katikati ya kupasua, ugomvi. Mzee mwenye karakana akatundika daftari kando ya swichi: unaandika jina, saa ya kuwasha na saa ya kuzima, na mchango unafuata saa zako. Mita ndogo kwa kila benchi ingekuwa bora zaidi, lakini tangu daftari lije hatujagombana.

Daftari hilohilo ndilo lililotuokoa kwenye visu vya mashine ya kurandia. Kabla halijakuwepo, asubuhi moja nilipitisha mbao nne za mninga kwa ajili ya uso wa meza. Zote zilitoka na mstari mwembamba ulioinuka kama uzi, kutoka ncha hadi ncha. Hauonekani vizuri kwa macho, lakini ukipitisha kidole unaukuta. Jana yake mtu alikuwa ameranda mbao za paleti zenye msumari, visu vikapata pengo. Hakuna aliyekiri. Nilitumia zaidi ya saa mbili kuutoa mstari ule kwa randa ya mkono, huku mteja ananipigia simu. Iliniuma sana, maana mninga siku hizi ni ghali, na kila unaporanda tena unene unapungua.

Leo mbao iliyowahi kutumika haiingii mashineni kabla ya kupitishiwa sumaku ya spika kuukuu iliyofungwa kwenye kamba. Ikivuta, unang'oa msumari kwanza. Kisu kikipata pengo, aliyeandika jina mwisho ndiye anayelipia kunoa. Mzee hana maneno mengi, anauliza tu, "Fundi, umepitisha sumaku?"

Faida ambayo sikuitarajia ni watu. Nikiunga uso mpana wa meza naazima klampu za jirani, na yeye akiwa na kabati zito mimi namshikia upande mmoja. Mwaka huu nilipata oda ya viti 40 vya ukumbi, kibarazani ningeikataa. Tuliigawa mabenchi matatu, tukaikabidhi kwa wakati.

Ninacholalamikia bado ni vumbi. La mninga linawasha pua na koo hata ukivaa barakoa, na ukipaka vanishi wakati mwenzako anapasua, unga unatua kwenye rangi mbichi. Vanishi ikikauka, uso unakuwa kama ulimi wa paka. Mara mbili nimelazimika kupiga msasa na kupaka upya. Kwa hiyo vanishi napaka Jumapili, mashine zikiwa zimelala. Fundi ambaye kazi yake kubwa ni kupaka, kwa sasa asije.

Tumemwomba mzee atujengee banda la kupakia vanishi nyuma, lenye turubai pande zote, na tumekubali kuongeza shilingi 10,000 kila mmoja. Nguzo mbili zimeshasimama.