Kutweka na kutua tanga bila kuacha usukani: uzoefu wangu

Nimetumia seti hii ya makapi na vibano, inayoleta kamba za tanga hadi karibu na usukani, msimu mzima kwenye mashua ya mita 7. Inafaa, tena sana kwa anayesafiri peke yake. Ila muuzaji huisifia kwa kutweka tu, na kutweka si kazi. Kazi ni kutua tanga pepo zimeshachafuka, mkono mmoja uko kwenye usukani.

Inavyofanya kazi ni hivi: jarari (kamba ya kutwekea tanga) inashuka mlingotini, inapinda kwenye kapi la chini, inapinda tena kwenye kapi bapa juu ya paa la kibanda, kisha inapita kwenye kibano chenye mkono na kuishia kwenye winchi (roda ya kuzungushia na kuvutia kamba). Ukiinua mkono wa kibano, kamba inateleza. Ukiulaza, inabanwa, na winchi inabaki huru kwa kamba nyingine. Kwangu winchi moja inahudumia kamba tatu na sijatamani ya pili.

Sasa ubaya wake. Kila mahali kamba inapopinda panakula nguvu, na jarari ya tanga kubwa inapinda mara tatu kuanzia kileleni. Tanga lililokuwa likishuka lenyewe sasa linasita nusu mlingoti na kupigapiga. Dawa ni makapi yenye gololi (yale ya bei nafuu yasiyo nazo achana nayo), kilainishi kikavu kwenye njia ya tanga mlingotini, na kamba nyembamba ya kushushia iliyofungwa kwenye kichwa cha tanga. Hiyo kamba haimo kwenye seti. Ingekuwemo, ningeisamehe seti mengi.

Kijitabu cha maelekezo nacho kimeruka jambo kubwa. Kamba ikipinda pembe mraba, kapi hubeba karibu mara 1.4 ya mvuto wa kamba: kamba ikivutwa kwa kilo 200, kapi linavutwa kwa kilo 280 hivi, tena kwenda juu. Kwa hiyo makapi ya chini niliyafunga kwenye kitako cha mlingoti, wala si kwenye sitaha. Yale ya juu ya paa yana boliti zilizopenya hadi chini na bamba la chuma upande wa ndani, skrubu hazitoshi. Kama paa lina mbao katikati, toboa tundu pana, lijaze gundi ya epoksi, ikikauka toboa upya, maji yasije yakaozesha mbao.

Vibano vyenyewe ni imara, mradi usome ukubwa wake. Vyangu vimeandikwa milimita 8 hadi 10, na kamba ya milimita 6 inateleza humo taratibu hadi tanga linalegea. Na kwa kuwa jarari sasa ni ndefu zaidi, kamba inayonyumbuka itakuudhi. Nimeweka ya milimita 8 yenye kiini cha Dyneema, nyuzi zisizonyumbuka sana.

Kupunguza tanga (kulifanya dogo upepo ukizidi) kwa kamba moja, kama seti inavyopendekeza, sikukupenda. Kamba hiyo inazunguka pembe ya mbele na ya nyuma ya tanga, na ikifika nusu inagwama. Nimegawa: kamba moja mbele, moja nyuma. Baharia Mwingereza Blondie Hasler alilikwepa tatizo hili kabisa. Mwaka 1960, katika mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yako, alisafiri katika Jester, mashua ya mita 7.6 hivi, kwa tanga la Kichina ambalo hupungua kwa kulegeza jarari tu na kushuka kwa uzito wake, naye akiwa kwenye tundu la sitaha. Alimaliza wa pili nyuma ya Mwingereza mwenzake Francis Chichester.

Nunua na mifuko ya kuhifadhia kamba, maana zote huishia miguuni pako, na kila kamba iwe na rangi yake. Kama mashua yako ni ndogo kiasi kwamba mlingoti unaufikia ukiwa umekaa, usijisumbue na seti hii.