Uzamili wa takwimu bima: unalipia nini, na unamfaa nani

Anayeulizia uzamili wa takwimu bima, fani ya kukokotoa hatari na akiba za bima na pensheni (Kenya wengi husema aktuaria tu), huanza na ada na jina la chuo. Tungependa aanze na sababu inayompeleka. Darasa lilelile humfungulia mtu mmoja mlango wa kazi, na mwenzake humla mwaka mzima na akiba yake yote bila kumsogeza hatua.

Anayefaidika kuliko wote ni anayehama fani. Ana shahada ya hisabati, takwimu, fizikia au uhandisi, anajua kalkulasi na nadharia ya uwezekano, ila hajawahi kuona jedwali la vifo (uwezekano wa kufa katika kila umri) wala pembetatu ya madai (madai ya bima yaliyopangwa kwa mwaka wa ajali na mwaka wa malipo). Kwake uzamili ni njia ya mkato halali. Uingereza vyuo vinavyojulikana zaidi ni Bayes Business School jijini London, Heriot-Watt kule Edinburgh, na Kent. Kozi kwa kawaida huchukua kama miezi 12: mihula miwili ya masomo, kisha mara nyingi tasnifu ya kiangazi. Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina uzamili wa fani hii, na faida yake ni kwamba mtu anaweza kubaki karibu na kazi na familia.

Hapa kuna mtego wa majina. Bayes na Heriot-Watt huuza bidhaa mbili zinazofanana kwa juu. MSc Actuarial Science hufundisha misingi. MSc Actuarial Management ni ya aliyekwisha kuipita misingi hiyo. Aliyemaliza shahada ya kwanza ya takwimu bima, tuseme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, IFM au JKUAT, kisha akajiandikisha ile ya kwanza, atajikuta anafundishwa tena riba mchanganyiko na malipo ya mwaka aliyoyafanyia mtihani mwaka wa pili. Kabla ya kuomba, weka orodha ya masomo ya kozi kando ya nakala ya matokeo yako na ukate yaliyojirudia. Yakizidi nusu, hiyo si kozi yako.

Sababu ya pili, na ndiyo inayotajwa zaidi, ni msamaha wa mitihani ya kitaalamu. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mtakwimu bima kamili. Vyama vya taaluma ndivyo vinavyofuzisha. Kwa mtaala wa IFoA, chama cha watakwimu bima cha Uingereza, ulioanza 2019, safari ya hadi ngazi ya juu ina mitihani 13: saba ya misingi (CS1, CS2, CM1, CM2, CB1, CB2, CB3), mitatu ya utendaji (CP1, CP2, CP3), miwili ya ubobezi ya SP, na mmoja wa SA, pamoja na uzoefu wa kazini unaoandikwa na kukaguliwa. Chuo kilichoidhinishwa huweza kukuondolea sehemu ya misingi, au baadhi ya ngazi za juu ukisoma Actuarial Management.

Wengi wanakosea palepale. Msamaha hutolewa somo kwa somo, na alama ya kufaulu chuoni si lazima itoshe kwa msamaha; kiwango chake huwa juu zaidi. Mtu anaweza kuhitimu vizuri na bado akaambiwa CS2 akaifanye mwenyewe. Msamaha una ada yake, na lazima uwe mwanachama ndipo uuombe. Idhini yenyewe hupitiwa upya, kwa hiyo jambo la kuuliza ni kama mwaka utakaoanza masomo umo. Uliza kwa maandishi, na uulize tena kwa chama chenyewe.

Kama msamaha ndiyo sababu yako pekee na tayari uko kazini, ushauri wetu ni kufanya mitihani bila uzamili. Inafanyika Aprili na Septemba, na wanachama wenye kipato cha chini wanaweza kuomba ada nafuu. Anayejipangia mtihani mmoja kila kikao, kwa saa mbili kila asubuhi kabla ya kazi, hufika mbali kwa sehemu ndogo ya gharama ya mwaka mmoja London. Kinachowaangusha wanaojisomea ni karatasi B. CS1 na CS2 zina karatasi ya kompyuta inayotumia R, lugha ya programu za takwimu, na CM1 na CM2 hutumia Excel. Mtu hukariri fomula miezi minne, akafungua R wiki mbili kabla ya mtihani. Andika msimbo tangu wiki ya kwanza, hata kama ni wa kuchora histogramu tu.

Sababu ya tatu ndiyo tunayoiheshimu zaidi, nayo ni kutaka kuelewa namba inatoka wapi. Tanzania haina haja ya kuambiwa uzito wake. Sheria ya 2018 ilipounganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF, neno kikokotoo liliingia kila nyumba yenye mtumishi wa umma. Mkupuo wa kustaafu hupatikana kwa kuchukua pensheni ya mwaka, kuizidisha kwa 12.5, kisha kwa asilimia inayoruhusiwa. Mjadala mitaani ulikuwa juu ya asilimia. Mtakwimu bima huitazama 12.5.

Chukua shilingi 1 inayolipwa mwisho wa kila mwaka kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 5, thamani yake leo ni 12.46, karibu sana na 12.5. Kwa asilimia 8 inashuka hadi 9.82, kwa asilimia 3 inapanda hadi 14.88. Hapo bado hujagusa vifo. Ukiweka jedwali la vifo, pensheni ikawa inapanda na mfumuko wa bei, na mjane akawa na haki ya sehemu yake, namba inasogea tena. Shahada ya kwanza hufundisha kuikokotoa. Uzamili mzuri hukulazimisha kuitetea mbele ya mtu asiye mwanahisabati ambaye maisha yake yanaitegemea.

Mfano mwingine, wa bima ya magari. Madai ya ajali za 2021 yaliyolipwa kwa jumla yalikuwa milioni 100 mwaka wa kwanza, 150 wa pili, 165 wa tatu. Ya 2022: 120, kisha 186. Ya 2023: 140 tu mpaka sasa. Gawanya 336 (150 na 186) kwa 220 (100 na 120) upate 1.527; gawanya 165 kwa 150 upate 1.1. Ukichukulia mwaka wa tatu kuwa wa mwisho, ajali za 2022 zitafika milioni 204.6 na za 2023 milioni 235.2, hivyo, ukitoa yaliyokwisha kulipwa, akiba ya kuweka ni karibu milioni 114. Hesabu hii mwanafunzi huimaliza kwa dakika tano. Swali la kiwango cha uzamili ni hili: kampuni ikiajiri watu na kulipa madai haraka zaidi 2023, ile 140 imevimba kwa kasi ya malipo na wala si kwa wingi wa ajali, na akiba yako imezidi. Kesi za majeruhi wa matatu na bodaboda zikikaa mahakamani miaka mitano, pembetatu ya miaka mitatu haioni mkia wake kabisa, na hapo akiba imepungua. Kozi isiyokupa data chafu ya namna hii haistahili jina la uzamili.

Ndiyo maana tasnifu tunaipa uzito kuliko jina la chuo. Jedwali la mitihani ya Uingereza ni AM92, la wateja wa bima ya maisha wa huko miaka ya tisini. Kenya ina majedwali yake, KE 2001-2003 na KE 2007-2010. Mwanafunzi anayelinganisha hayo mawili, au anayechambua madai ya afya ya mfuko wa hapa nyumbani, anarudi na kitu ambacho mwajiri hawezi kukinunua London. Omba data mapema, miezi sita kabla, kwa barua inayosema wazi kwamba majina ya wateja yataondolewa. Tasnifu nyingi hufa kwa kusubiri data, na mwanafunzi huishia kutumia data ya mtandaoni ya Marekani.

Wapo pia wanaosukumwa na IFRS 17, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mikataba ya bima, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023. Kwa hao kozi fupi na kazi yenyewe vinatosha. Anayetaka kufundisha chuo kikuu hana la kujadili: bila uzamili hapandi.

Kwa anayekwenda Uingereza, mambo mawili ya bajeti. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kuja na mwenza wala watoto kama wategemezi wake, basi hesabu gharama za nyumba mbili. Na maombi ya ufadhili wa Chevening na wa Jumuiya ya Madola hufungwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza: anayetaka kuingia darasani Septemba awe na insha zake na barua za wadhamini tayari kufikia Agosti ya mwaka uliotangulia.