Kiazi au lino: muhuri upi wa kuchapia maumbo ya pembe?

Kwa gharama, kiazi hakina mpinzani: kimoja kikubwa na kisu chenye makali vinatosha. Lino, yaani linoleamu, bamba linalochongwa kuwa muhuri, inataka kipande chake, patasi ndogo yenye ncha ya V, rola na wino mzito.

Kwenye usahihi mambo hubadilika. Kiazi hutoa maji, rangi ikawa nyepesi na kingo za pembetatu zikavujia kwenye kitambaa. Kikate kwa mkupuo mmoja, kikandamize juu ya taulo kwa dakika 10, kisha paka rangi kwa sponji badala ya kukichovya. Hata hivyo, mistari chini ya milimita 3 humeguka. Lino hubeba mistari myembamba, na pembesita zake hukutana bila pengo, mradi umechora kwa rula. Ikiwa ngumu, iweke juani kidogo ilainike. Ukiilazimisha, patasi huteleza, na kidole ndicho hulipa. Mkono wa pili ukae nyuma ya ncha daima.

Kumbuka chapa hugeuza umbo kama kioo. Mraba haujali; msambamba hulalia upande wa pili.

Kudumu? Kiazi husinyaa kabla ya kesho. Lino ikifutwa na kuhifadhiwa ikiwa imelala bapa hurudi kazini miezi baadaye.

Kadi 20 za watoto mchana mmoja: kiazi. Vitambaa vya meza vitakavyoagizwa tena kwa mchoro uleule: lino. Mchoro haujatulia bado? Ujaribu kwanza kwa kiazi.