Pampu ya Kupimia Presha ya Rejeta: Je, Inalifaa Land Rover Series III?

Pampu hii ndogo ya mkono yenye geji hufungwa mahali pa kifuniko cha rejeta, ikasukuma hewa ndani ya mfumo wa kupoza injini ili kufichua mahali maji yanapovuja. Nimeitumia nyumbani kwa Land Rover Series III ya petroli, yenye injini ya lita 2.25, nami naipendekeza kwa yeyote anayelitunza gari la aina hiyo, mradi aizingatie kasoro ya geji yake.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kazi hufanyika injini ikiwa baridi. Mpira wa kupitishia maji uliochakaa, au pampu ya maji iliyoanza kulowa kwenye kitundu chake cha chini, mara nyingi huvuja wakati mfumo una presha tu, na wakati huo joto la injini hukausha matone kabla jicho halijayaona. Ukiwa na chombo hiki unasukuma hadi kiwango cha presha ambacho kifuniko kimetengenezwa kukizuia, ambacho kwa gari hili ni paundi 9 kwa kila inchi ya mraba, kisha unautazama mshale. Ukishuka, chukua tochi ufuate unyevu, bila kusahau mipira ya hita. Ukishuka huku nje kote kukiwa kukavu, huenda maji yanavujia ndani ya injini, na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Pampu hiyohiyo hupima kifuniko chenyewe, na kwangu mimi hilo pekee lingetosha kuinunua. Sisi wa Nairobi tunaishi kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako maji kwenye sufuria huchemka katika nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha paundi 9 huinua kiwango hicho hadi karibu nyuzi 110, ilhali kile ambacho springi yake imelegea hukuondolea kinga hiyo, nawe kwa kukitazama tu usione tofauti yoyote.

Geji, kwa bahati mbaya, imekusudiwa magari ya kisasa. Vipimo vyake vinafika paundi 35, hivyo paundi 9 zimebanwa mwanzoni kabisa mwa duara, na kusukuma kwa nguvu mara moja zaidi kwaweza kupita kipimo na kufumua maungio ya rejeta ya shaba iliyokwisha kuzeeka. Ningelipa zaidi kwa furaha ili nipate geji inayoishia paundi 20. Sukuma polepole sana.

Adapta, yaani vipande vya kuunganisha pampu na shingo ya rejeta, nazo zahitaji uangalifu. Rejeta nyingi za magari ya zamani ya Kiingereza zina shingo yenye kina cha inchi moja, wakati adapta nyingi zinazokuja kisandukuni pamoja na pampu zimetengenezewa robo tatu ya inchi. Ukifunga iliyo fupi, hewa itatorokea hapohapo shingoni, nawe utaanza kubadilisha mipira iliyo mizima. Nenda dukani na kifuniko chako cha zamani mkononi, ukilinganishe na adapta kabla hujalipa.