TAHADHARI: "Frenchie wa Arusha" hayupo, wana Dodoma msitume hela

Ndugu zangu, imenichukua siku kumi kuandika hii kwa sababu ya aibu. Mimi ndiye yule anayewacheka wenzake ofisini wakipokea meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa na mimi nimelizwa: shilingi 855,000, kwa mbwa ambaye hayupo. Nilitaka nimeze tu yaishe, ila juzi usiku nimekutana na picha zile zile zimewekwa upya, jina la muuzaji limebadilika na bei imeshushwa. Bado yuko kazini.

Kijana wangu ana miaka tisa na ameomba mbwa tangu tuhamie Ilazo. Baba yake alitaka tuchukue mbwa wa kawaida kwa bibi yake Kondoa, wa bure, anayekula ugali na hana mambo mengi. (Ananikumbusha kila siku, msiwe na wasiwasi.) Lakini mtoto alishaona French bulldog, ndiye huyo Frenchie, kwenye simu, yule mfupi mwenye masikio ya popo na uso uliobonyea kama mzee aliyeamshwa usingizini, na mimi nilipomwona nikalegea. Jina lilipatikana kabla ya mbwa: Zabibu.

Kazi yangu ni ya manunuzi. Ofisini sisaini malipo ya hata rimu kumi za karatasi mpaka mzigo uwe umekaguliwa. Basi nyumbani nikajiandaa kwa mtindo huo huo, nikasoma mwezi mzima. Nikajua kwamba mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na huyu pua yake ni fupi na njia ya hewa imebana, kwa hiyo joto letu la Oktoba linaweza kumuua. Nikanunua feni ya chini. Nikanunua mkanda wa kifuani badala ya kola, kamba isije ikamkaba shingo. Bakuli pana, lisilo na kina, maana uso ule haufiki chini ya bakuli refu. Fundi akafunga kigeti cha wavu kwenye ngazi za kibarazani. Hadi daktari wa mifugo nilishampata kabla mbwa hajafika. Kitu pekee ambacho sikukiandaa ni nauli ya kwenda kumwona mbwa mwenyewe.

Na maswali yangu yote niliyauliza hadharani, kwenye makundi ya wafugaji: feni gani, chakula gani, daktari gani mzuri Dodoma. Jioni moja akanitafuta mtu. Sasa hivi naelewa kwamba alikuja akiwa ameshanisoma.

Sikilizeni alivyofanya, maana ujanja wake wote uko hapa. Hakuninadia mbwa. Alinihoji. "Pole na majukumu dada yangu. Kabla ya bei naomba nikuulize, nyumba ina uzio? Mchana anabaki na nani? Dodoma kuna joto, umejipangaje? Samahani kwa maswali, hawa ni kama wanangu, simpi mtu yeyote tu." Nikajibu moja baada ya jingine, kwa adabu, kama niko kwenye usaili wa ajira pale UDOM na nyuma yangu kuna foleni isiyoisha. Nikamrekodia video ya feni, ya kigeti, ya kona atakayolala. Yaani nimemtembeza tapeli ndani ya nyumba yangu mlango kwa mlango! Baba yake ameshabadilisha vitasa.

Akakaa kimya siku mbili. Nikakosa usingizi nikijiuliza nimekosea jibu gani. Siku ya tatu akaandika: "Hongera dada, nimewakataa watu wanne, wewe umefaa." Ndugu zangu, nilishangilia. Na mtu aliyetoka kufaulu usaili hamwombi mwajiri kitambulisho.

Bei ilikuwa 1,200,000. Advansi 400,000, inayobaki nimalizie mbwa akifika. Jina lililotokea kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri lilikuwa la mwanamke, na niliyekuwa naongea naye ni mwanaume. "Hiyo ni ya wifi yako, laini yangu imejaa." Nikabonyeza. Siku mbili baadaye 185,000 za boksi la kusafirishia, jina jingine tena. Nilipoomba tupigiane video nimwone Zabibu, kamera yake ikawa mbovu. Cha ajabu video zilizorekodiwa zilikuja nyingi tu, na zimeng'aa.

Jumamosi akaniambia mbwa ameshapakiwa, basi la asubuhi. Saa tano ikaingia simu ya mtu anayejiita askari, yuko Babati: mbwa amezuiliwa, hana kibali cha kusafirisha mnyama, itumwe 270,000 na zitarudishwa mzigo ukifika. Nyuma yake zinasikika kelele za redio. Hapa ndipo ninapojilaumu kuliko popote. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Malipo ya Serikali yanatolewa kontroo namba, nazishika kila siku, na najua ada ya kibali haiingii kwenye laini ya mtu binafsi. Lakini kichwani nilikuwa namwona mtoto wa mbwa ndani ya boksi, juani, na pua yake ile. Yote niliyoyasoma kuhusu joto yakanigeukia. Nikatuma.

Tukaenda stendi ya Nanenane, mimi na kijana, na kikapu chenye taulo tulilolilowesha maji kidogo. Basi likaingia saa tisa na nusu. Konda akafungua buti: magunia ya viazi, mabegi, jiko la gesi, kuku wawili kwenye tenga. Nikamuuliza mbwa. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akashusha sauti: "Mama, wewe ni wa pili. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja hapa ana kamba mkononi."

Nikiwa bado nimesimama pale, simu ikaita. Zabibu amepelekwa karantini, zinahitajika 350,000. Sikujibu. Kijana alibeba kile kikapu mpaka nyumbani na hakusema neno.

Usiku ndipo nikazifungua zile picha kwa macho ya kazini. Picha kuu, ambayo ndiyo inayozunguka tena sasa hivi, ni ya mtoto wa rangi ya kaki mwenye doa jeupe kifuani, amekaa juu ya zulia la kijivu. Ukutani, nyuma ya sikio la kushoto, kuna soketi. Nimeikuza mpaka picha ikaanza kuvunjika. Ina matundu mawili ya duara. Nendeni mkaangalie soketi za nyumbani kwenu: matundu matatu, bapa. Picha ile ni ya nyumba ya mtu huko mbali, ambaye wala hajui mbwa wake anauzwa Tanzania. Na kuzipata si kazi. Mwaka 2022 Frenchie ndiye aliyeongoza orodha ya mbwa wanaosajiliwa Marekani, akamng'oa Labrador aliyekalia kiti hicho zaidi ya miaka 30, kwa hiyo picha za watoto wake zimejaa kila kona ya mtandao.

Halafu kadi ya chanjo. Kuzaliwa, tarehe 20 Agosti. Chanjo ya kichaa cha mbwa, tarehe 10 Septemba. Wiki tatu! Kesho yake nikamtumia daktari wangu, akacheka kicheko cha kunionea huruma. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huanza mbwa akifikisha miezi mitatu. Ile ya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, na wenzake ndiyo huanza mapema, wiki ya sita hadi ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka kama wiki ya 16. Akaniambia pia nitafute stika, ile inayobanduliwa kwenye kichupa cha dawa na kubandikwa kwenye kadi, ina namba ya toleo, pembeni yake mhuri na sahihi ya daktari. Kadi yangu haina stika hata moja. Ina kalamu moja ya bluu na mwandiko mmoja kuanzia juu hadi chini, kama mtu aliyejaza daftari la mahudhurio la wiki nzima siku ya Ijumaa.

Daktari akaniuliza, alikwambia mama yake kazaa watoto wangapi? Nikasema tisa, "kazaa mwenyewe usiku, hata hatukujua". Akanyamaza kidogo. Kumbe hawa mbwa wana vichwa vikubwa na nyonga nyembamba, na wengi wao huzalishwa kwa upasuaji. Watoto huwa watatu, wanne, watano hivi. Maana yake mwenye Frenchie anayezaa hapa nchini karibu lazima awe na daktari anayemfahamu mbwa huyo, na anaweza kukupa jina lake ukampigia. Swali hilo moja tu lingeniokoa.

Jambo jingine ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu. Mtu anayewajua mbwa hawa hawezi kumtia mtoto wa wiki tisa kwenye buti ya basi, kutoka Arusha hadi Dodoma, mwisho wa Oktoba. Yule yule aliyenihoji kuhusu feni ndiye aliyesema atampakia butini. Na mimi mwenye mwezi mzima wa kusoma nikajibu, "Asante kaka."

Kwa ambaye ameshatuma: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo. Mimi nilipiga usiku, hela zote zilikuwa zimeshatolewa. Namba zake zote nimezipeleka 15040, ile namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Polisi nimeandika maelezo na nimepewa RB, ile namba ya taarifa yangu. Msifute chochote kwa hasira. Mimi nilikuwa nimeshafuta nusu ya mazungumzo, na nikabaki najikuna kichwa mbele ya askari. Na mkae macho na wimbi la pili: nilipolalamika kwenye kundi moja, haikupita saa akanifuata kijana anasema ana mtu ndani ya kampuni ya simu, atanirudishia hela zote kwa 50,000 ya "kufungulia mfumo". Namba zenyewe siziweki hapa kwa sababu anazibadilisha kama soksi, na leo inaweza kuwa imepewa mtu asiye na hatia. Shikeni picha na maneno yake: zulia la kijivu, "hawa ni kama wanangu", "wewe umefaa".

Kwa ambaye bado anamtaka mbwa huyu, nenda mwenyewe. Mwone mama yake, kaa naye robo saa umsikilize anavyohema, maana akikoroma akiwa amesimama tu, na watoto ndivyo wanavyoweza kuwa. Nenda na daktari au mpeleke mtoto kwa daktari kabla hela haijatoka mfukoni. Chini ya wiki nane usimchukue, hata wakikwambia kuna mteja mwingine yuko njiani. Huyo mteja yuko njiani siku zote.

Sisi kwetu feni tunaitumia sebuleni, na kikapu amekihamia paka wa jirani. Baba yake ameshaongea na bibi Kondoa.

Na wewe baba uliyekuja Nanenane na kamba mkononi, mwezi mmoja kabla yangu: kama unasoma hii, niandikie. Nina RB na nina majina matatu ya laini alizopokelea. Kama hata moja linafanana na lako, chagua siku twende polisi pamoja, Jumatano au Ijumaa mchana mimi natoka kazini mapema.