MIDI au rekodi: upi bora kwa muziki wa kompyuta za zamani?

Ukitaka kuusikia tena muziki uliokuja ndani ya programu za miaka ya 1990, utakuta ubishi uleule: utafute faili la MIDI lenyewe au rekodi yake?

Kwa ukubwa, MIDI haina mpinzani. Ndani yake hamna sauti, mna maagizo tu: piga noti hii, kwa ala hii, kwa nguvu hii. Ndiyo maana canyon.mid, wimbo wa George Stone uliokuja na Windows 3.1, haufiki hata kilobaiti 100, ilhali dakika moja ya sauti ya CD hula megabaiti 10 hivi.

Utata uko kwenye uhalisi. Kiwango cha General MIDI cha 1991 kilizipa ala 128 namba zake, lakini hakikulazimisha kila moja isikike vipi. Kadi ya sauti ya kompyuta yenye chipu ya FM, inayounda sauti yenyewe badala ya kutumia rekodi za ala, hutoa piano ya bati. Roland Sound Canvas, kifaa cha kuchezea MIDI, kwa faili lilelile, hutoa kitu kingine kabisa. Basi huo wimbo unaoukumbuka, nusu yake ni kazi ya kadi yako! Rekodi haina mambo hayo: mlio wa kuwashia Windows 95, alioutunga Brian Eno, ni uleule popote.

Matunzo? Rekodi haisumbui. MIDI huhitaji programu ya kuicheza na benki ya sauti (mkusanyo wa sauti za ala) inayofaa.

Mwanamuziki anayetaka kuchambua besi au kubadili ala achukue MIDI. Anayetafuta kumbukumbu tu, rekodi iliyotoka kwenye kadi kama aliyokuwa nayo itamfaa zaidi.